ThinkPad, kompyuta nyeusi yenye kitone chekundu: kwa nini sura yake imedumu zaidi ya miaka 30

Ni nyeusi, umbo lake ni la mraba, na kifuniko chake hakina pambo isipokuwa jina. Ukiifungua, unakuta katikati ya klavie kitone kidogo chekundu cha mpira. Kompyuta ya kubeba ya ThinkPad yenye sura hiyo ilitangazwa na kampuni ya Marekani IBM tarehe 5 Oktoba 1992. Mtu aliyetumika nayo mwaka ule angeitambua leo hata jina lake likifunikwa.

Hilo si jambo la kawaida. Simu na kompyuta hubadilishwa sura mara kwa mara ili mnunuzi aone kwamba ile aliyo nayo imezeeka. ThinkPad ilitoka mikononi mwa IBM ikaenda kwa Lenovo ya China, uzito wake ukashuka kutoka karibu kilo 3 hadi chini ya kilo moja na nusu, lakini sura ilibaki. Sababu kubwa ni kwamba walioichora walianza na mtu anayetumika: mikono yake inakaa wapi, macho yake yanatazama nini, na mashini ikianguka itakuwaje. Kila mara kampuni iliposahau jambo hilo, watumiaji walipiga kelele, na mara nyingine wakashinda.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, habari hii si ya mbali. Kompyuta za aina hii zikimaliza muda wake katika maofisi ya Ulaya na Amerika, nyingi huuzwa upya, na masoko ya Afrika ni kati ya yale yanayozipokea. Mwanafunzi, mwandishi wa habari ao mfanyakazi wa shirika anayenunua okazioni anarithi maamuzi yaliyopitishwa na wasanifu miaka mingi mbele yake, mazuri na mabaya.

IBM ilipokuwa taabuni

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, IBM ilikuwa katika hali ngumu. Mwaka 1992 ilipata hasara ya karibu dola bilioni 5, na mwaka uliofuata hasara ikapita bilioni 8. Ndiyo iliyoleta kompyuta ya PC mwaka 1981, lakini katika kompyuta za kubeba ilikuwa nyuma ya Toshiba na Compaq. Mashini yake ya PC Convertible, iliyotoka mwaka 1986, haikuvuma.

Jina la ThinkPad lenyewe lilizaliwa katika mabishano. Neno “Think”, yaani “Fikiri”, lilikuwa wito wa Thomas Watson, mzee aliyeikuza IBM kutoka kampuni ndogo ya mashini za kuhesabu. Wafanyakazi wa IBM walikuwa wakipewa kijitabu kidogo cha kuandikia, chenye ganda la ngozi lililoandikwa neno hilo. Mfanyakazi mmoja, Denny Wainwright, alipendekeza kwamba kompyuta mpya ichukue jina la kijitabu hicho. Wahusika wa majina katika kampuni walikataa. Kwao, bidhaa za IBM zilijulikana kwa namba, na neno la Kiingereza lisingeeleweka katika lugha zote za dunia. Hata hivyo jina lilitumiwa kwanza mwezi wa Aprili 1992 kwenye kibao cha kuandikia kwa kalamu, likapendwa, na likabaki.

Kisha ikaja ThinkPad 700C, ile ya tarehe 5 Oktoba. Bei yake ilikuwa dola 4,350. Prosesa yake ilikwenda kwa megahezi 25, na diski yake ilibeba megabaiti 120, kipimo ambacho leo video fupi ya simu inaweza kukipita. Kilichowashangaza watu kilikuwa ekra yake ya rangi, yenye upana wa sentimita 26 ukipima kutoka pembe hadi pembe. Kwa wakati ule ilikuwa ekra kubwa sana kwa kompyuta ya kubeba. IBM iliipata kwa sababu ilikuwa na kiwanda cha ekra huko Japani kwa ushirika na Toshiba, mshindani wake mwenyewe.

Sanduku la chakula la Wajapani

Aliyechora sura ya nje ni Richard Sapper, Mjerumani aliyezaliwa Munich mwaka 1932 na kuishi Milano, Italia, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. IBM ilimchukua kama mshauri wa usanifu mwaka 1980. Mbele ya hapo alikuwa amekwisha kujulikana kwa taa ya mezani ya Tizio, ya mwaka 1972. Mwaka 1969 alikuwa amechora pamoja na Mwitalia Marco Zanuso televisheni ya kampuni ya Brionvega iliyoitwa Black: mchemraba mweusi ambao, ukiwa umezimwa, haukuonyesha hata sehemu ya ekra.

Wazo hilo la kitu kisichosema neno mpaka kifunguliwe, Sapper alilirudisha katika ThinkPad. Mfano wake ulikuwa sanduku la chakula la Wajapani liitwalo shokado bento. Kwa nje ni jeusi na la mraba. Kwa ndani limegawanywa vyumba vidogo, na kila chakula kina mahali pake. Sapper alililinganisha pia na sanduku la sigara: unaliona dogo na la kawaida, na ndipo unapolifungua unajua lina nini.

Sapper hakutumika peke yake. Huko Yamato, karibu na Tokyo, msanifu Kazuhiko Yamazaki aliongoza kikundi kilichogeuza mchoro wa Milano kuwa mashini ya kweli. Mhandisi Arimasa Naitoh aliongoza ufundi wa ndani, na wengi humwita baba wa ThinkPad. Huko Marekani, Tom Hardy, mkubwa wa usanifu wa IBM, alikuwa na kazi ya kuwashawishi wakubwa wa kampuni. Kwa hiyo kompyuta inayojulikana kama ya Marekani ilichorwa Italia na Mjerumani na kutengenezwa na Wajapani.

Rangi nyeusi ilileta shida kwanza. Wakati ule kompyuta karibu zote zilikuwa za kijivu ao rangi ya maziwa. Kwa Sapper na wenzake, weusi ulikuwa na kazi: ulifanya mashini ionekane nyembamba kuliko ilivyo na uliacha macho yaende kwenye ekra. Lakini Ujerumani ilikuwa na kanuni juu ya vifaa vya ofisi, na kanuni hizo zilipendelea rangi nyepesi. Wale waliokuwa katika mradi husimulia kwamba tawi la IBM huko Ujerumani lilipinga, na kwamba mashini za kwanza ziliuzwa kule zikiwa na maandishi kwamba hazifai kwa kazi ya ofisi. Wajerumani wa maofisini wakazinunua hivyo hivyo.

Kitone chekundu na robo tatu za sekunde

Alama inayojulikana zaidi ya ThinkPad ni kile kitone, ambacho jina lake rasmi ni TrackPoint. Mwenye wazo ni Ted Selker, mtafiti wa Marekani. Mwaka 1984 alisoma utafiti ulioonyesha kwamba mtu anayeandika hupoteza karibu robo tatu za sekunde kila anapotoa mkono kwenye klavie kwenda kwenye kipanya, na muda kama huo kurudi. Selker akajiuliza kwa nini mkono uondoke.

Akiwa IBM, pamoja na Joseph Rutledge, alijaribu kuweka kijiti kidogo katikati ya herufi. Ugumu ulikuwa mwingi. Kijiti hakisogei, bali hupima nguvu ya kidole, na nguvu hiyo ndiyo inayosukuma mshale kwenye ekra. Ikiwa mshale unakwenda polepole, mtu anachoka. Ikiwa unakwenda mbio, unapita mahali anapotaka. Walifanya majaribio kwa miaka mpaka wakapata kadiri inayofaa ya mwendo kwa kila kadiri ya nguvu.

Na kwa nini chekundu? Sapper alitaka alama moja tu ya rangi katika weusi wote. Lakini katika IBM rangi nyekundu ilikuwa imewekwa kwa vitufe vya hatari, vile vya kuzima mashini kubwa kwa haraka. Kadiri ya simulizi ya Tom Hardy, kikundi chake kiliandika kwenye karatasi kwamba rangi si nyekundu bali ni majenta, na wahusika wa usalama wakakubali. Kisha, kutoka toleo hadi toleo, majenta ile ikaendelea kukolea mpaka ikawa nyekundu kabisa.

Kitone hicho kina wapenzi na wapinzani. Asiyekizoea hukasirika siku ya kwanza. Lakini kwa mtu anayeandika muda mrefu, ao anayefungua kompyuta juu ya magoti ndani ya gari kwenye barabara mbovu, faida yake ni wazi: mikono haihami, na meza haihitajiki.

Kipepeo, na safari ya anga

Baada ya mafanikio ya 700C, IBM ilijaribu mambo makubwa zaidi. Mwezi wa Desemba 1993, ThinkPad ilisafiri katika chombo cha anga Endeavour, katika safari iliyokwenda kutengeneza darubini ya Hubble. Baadaye ThinkPad zilitumiwa kwa miaka mingi kwenye kituo cha kimataifa cha anga, ISS.

Mwaka 1995 ilitoka ThinkPad 701C, iliyopewa jina la utani la Kipepeo. Mhandisi John Karidis alitaka kompyuta ndogo isiyobana vidole. Aliikata klavie vipande viwili vya pembe tatu. Mtu akifungua kifuniko, vipande hivyo vinateleza na kuungana, klavie inakuwa pana kuliko mashini yenyewe. Akifunga, vinarudi ndani. Makumbusho ya MoMA ya New York yaliiweka katika mkusanyo wake. Lakini haikuishi muda mrefu sokoni. Ekra zilikuwa zikipanuka haraka, na mashini zilipokuwa pana, klavie ya kawaida ilipata nafasi. Kipepeo kilikuwa jibu zuri kwa shida iliyokwisha yenyewe.

Mambo yaliyodumu yalikuwa ya kawaida zaidi. Bawaba za chuma zilizoshika kifuniko imara. Matundu chini ya klavie ili maji ao chai ikimwagika itoke chini bila kugusa bodi. Taa ndogo juu ya ekra inayoangaza herufi usiku. Mwaka 2003 IBM iliongeza kifaa kinachotambua kwamba kompyuta inaanguka na kusimamisha diski mbele haijagonga chini.

Kuna kingine kisichoonekana: kitabu cha fundi. IBM, na kisha Lenovo, ziliweka wazi kwa kila mtu vitabu vinavyoonyesha hatua kwa hatua namna ya kufungua kila ThinkPad, parafujo ipi inatoka wapi, na namba ya kila kipuri. Kampuni nyingi huweka habari hizo kwa mafundi wao tu.

Mwenye nyumba mpya kutoka China

Tarehe 8 Desemba 2004, IBM ilitangaza kwamba inauza kazi yake yote ya kompyuta ndogo kwa Lenovo, kampuni iliyoanzishwa Beijing mwaka 1984. Bei ilikuwa dola bilioni 1.25, sehemu kwa pesa taslimu na sehemu kwa hisa, na mapatano yalikamilika mwezi wa Mei 2005.

Wasiwasi ulikuwa wa aina mbili. Huko Washington ulikuwa wa siasa. Mwaka 2006, wizara ya mambo ya inje ya Marekani iliponunua kompyuta 16,000 za Lenovo, za mezani, wabunge walilalamika, na wizara ikaahidi kutozitumia kwa kazi za siri. Kwa watumiaji, wasiwasi ulikuwa juu ya mashini: je, Wachina wataigeuza kuwa kitu cha bei rahisi?

Lenovo ilichagua kuwashika watu walewale. Naitoh na wahandisi wa Yamato walibaki, na baadaye maabara yao ilihamia Yokohama. Sapper aliendelea kuwa mshauri. David Hill, aliyeongoza usanifu wakati wa IBM, aliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 2017. Mwanzoni mwa 2015 Lenovo ilitangaza kwamba ThinkPad milioni 100 zilikuwa zimekwisha kuuzwa tangu 1992. Sapper alifariki tarehe 31 Desemba ya mwaka uleule, akiwa na miaka 83.

Watumiaji walipokataa

Ugomvi mkubwa ulikuja mwaka 2012. Lenovo iliondoa klavie ya zamani yenye mistari saba ya vitufe na kuleta yenye mistari sita, vitufe vyake vikiwa vimetengana kama visiwa. Kampuni ilitetea uamuzi huo kwa majaribio iliyofanya. Wazoefu hawakukubali, maana vitufe walivyovijua kwa vidole bila kutazama vilikuwa vimehamishwa.

Mwaka uliofuata mambo yalizidi. Katika T440, Lenovo iliondoa vitufe vitatu vya kubonyeza vinavyokaa chini ya klavie, ambavyo bila hivyo kitone chekundu hakina msaada mkubwa. Malalamiko yalikuwa mengi hata kampuni ikarudi nyuma, na T450 ya mwaka 2015 ikawa na vitufe vyake tena. Mwaka 2017, kwa kuadhimisha miaka 25, Lenovo ilitoa toleo maalumu lenye klavie ya mistari saba. Lilikuwa la idadi ndogo, halikuendelezwa.

Wakati huohuo tamaa ya wembamba ilikuwa ikishinda. X1 Carbon ya mwaka 2012 ilikuwa na uzito wa kilo 1.36, chini ya nusu ya 700C. Lakini memori yake ilichomelewa moja kwa moja kwenye bodi, haiwezi kutolewa wala kuongezwa. Njia hiyo ilienea polepole kwenye mashini nyingine.

Batri nayo ilipata mambo yake. Kati ya mwaka 2013 na 2018, ThinkPad nyingi za aina ya T zilikuwa na batri mbili, moja ndani na moja nje. Ya nje ikiisha, unaichomoa na kuweka nyingine, na kompyuta inaendelea kuwaka kwa nguvu ya ile ya ndani. Kwa mahali ambapo umeme hukatika saa nyingi, ni vigumu kupata wazo linalofaa kuliko hilo. T480 ya mwaka 2018 ilikuwa ya mwisho katika mstari wake kuwa nayo. T490 iliyofuata ilikuja na batri moja ya ndani.

Anayenunua okazioni aangalie nini

Maamuzi hayo ndiyo yanayotenganisha leo mashini mbili zinazofanana kwenye meza ya muuzaji. Zote ni nyeusi, zote zina kitone chekundu, lakini moja inaweza kuongezewa memori na kubadilishwa batri kwa dakika chache, na nyingine ikiharibika memori, bodi nzima inabadilishwa. Kwa hiyo namba ya modeli ina maana kuliko sura. Ni vema kuuliza mbele ya kulipa kama memori imechomelewa ao inatoka, na kama batri ni ya asili ao ya kuiga.

Jambo la pili ni neno la siri. Kompyuta zilizotoka katika makampuni makubwa mara nyingine zinabaki na neno la siri la msimamizi, lile linalofunga mipangilio ya mashini yenyewe, si ya Windows. Katika ThinkPad ni gumu sana kuliondoa. Mnunuzi aiwashe mashini na kuingia katika mipangilio hiyo kwa kubonyeza F1 inapoanza kuwaka. Ikidai neno ambalo muuzaji hana, afadhali aiache.

Kuna uhusiano mwingine kati ya kompyuta hizi na udongo wetu. Tantali, inayotoka katika koltani inayochimbwa Kivu, hutumiwa katika vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya kompyuta na simu. Kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga huingia katika batri za lithiamu, na Kongo ndiyo inchi inayotoa kobalti nyingi kuliko zote duniani. Tangu sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iitwayo Dodd-Frank, makampuni yaliyo kwenye soko la hisa la inchi ile hutakiwa kueleza kama koltani, bati, wolframu na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo ao inchi jirani. Mashini inayodumu miaka kumi badala ya mitatu inahitaji madini machache kwa kila mwaka wa kazi. Hesabu hiyo haiponyi majeraha ya migodi, lakini inaonyesha kwamba kutengenezeka si jambo la wapenzi wa kompyuta peke yao.

Kurudi kwenye mwanzo, ao kuondoka

Kwa sasa Lenovo inakwenda njia mbili. Mwaka 2024 ilitoa T14 ya kizazi cha tano, iliyoandaliwa kwa msaada wa iFixit, kampuni ya Marekani inayopima urahisi wa kutengeneza vifaa. Ilipata alama 9 juu ya 10. Memori yake inatoka, na batri yake mtumiaji anaweza kuibadilisha mwenyewe. Lakini mwezi wa Januari 2025 kampuni hiyohiyo ilionyesha ThinkPad X9, nyembamba na ya kupendeza, isiyo na kitone chekundu.

Wengine wanasema ni sawa, kwa kuwa vijana wamezoea kibao cha kugusa na hawajui kazi ya kitone. Lakini rangi nyeusi nayo ilikuwa na wapinzani wake mwaka 1992, na jina lenyewe lilikataliwa. Kitakachoamua maisha ya mashini hii ni kama bado inafunguliwa, inatengenezwa na kurudishwa kazini. Uamuzi unaopitishwa leo huko Yokohama juu ya memori na batri utafika, baada ya miaka mitano ao sita, kwenye meza ya fundi wa Goma ao Bukavu, na mwenye mashini atasimama pale akisubiri kusikia kama inapona.